Upepo Kwanza, Usukani Baadaye

Kijana wa Mambrui au Gongoni, huku kwetu pwani ya Kenya, akimaliza shule mkono mtupu, njia zilizo mbele yake zinahesabika. Kuna bahari, ambayo ina wenyewe, na siku hizi samaki wa kuuza anafuatwa mbali. Kuna kazi za hoteli za Malindi na Watamu, zinazokuja na wageni na kuondoka na wageni. Kuna mashamba ya chumvi, kuanzia Gongoni kwenda Marereni hadi Kurawa, ambako kibarua ni kukwangua chumvi juani kutwa. Na kuna malori yanayoibeba chumvi hiyo kuipeleka Mombasa na bara. Mimi nilianza kwenye kibarua, nikapanda lori kama utingo, na kutoka utingo nikaamua kusomea udereva wa mizigo.

Tangu nipate leseni ya klasi C, vijana wenzangu wa kwetu Magarini wananiuliza mambo mawili: inachukua muda gani, na inagharimu pesa ngapi. Nawajibu, lakini kila nikimaliza kuwajibu nahisi sijawaambia kitu. Swali ambalo hawaniulizi ni la breki. Lori la mzigo likishaondoka, kinachobaki ni kujua litasimama vipi, na kwa jinsi mafunzo yetu yalivyo, mtu anaweza kupata leseni halali kabisa bila kuwahi kuona mshale unaoonyesha upepo wa breki ukishuka. Hilo ndilo nataka kulieleza kwa urefu. Mengine nitayapitia haraka.

Wazee bado wanasema "BCE". Ilikuwa leseni moja, ukiwa nayo umeruhusiwa kuanzia gari dogo hadi lori. Siku hizi NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, imezigawa klasi. A ni ya pikipiki na tuktuk, B ya magari madogo, C1 ya lori dogo, C ya lori la wastani, CE ya lori zito lenye tela, D ya magari ya abiria, G ya mitambo ya ujenzi. Huruki ngazi: unaanza chini ukipanda, na umri wako unatazamwa. Mimi nilikuwa tayari na B, niliyoitumia kuendesha Probox ya mjomba kupeleka samaki sokoni, kwa hiyo nilikuwa naongeza klasi tu. Mambo yote yanaanzia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: unajisajili, unaomba leseni ya muda ya mwanafunzi, unalipa kwa M-Pesa, kisha unapeleka fomu ya daktari aliyekupima macho na afya. Hapo hapana ugumu. Ugumu ni ada ya shule, na ushauri wangu ni uiweke yote kabla hujaanza, maana mwanafunzi anayelipa kwa vipande hukatiza masomo pale pale mguu unapoanza kuizoea klachi.

Shule niliyosoma iko mjini Malindi. Mwalimu wetu wa nadharia alikuwa mama mmoja mpole wa sauti lakini hakupitishi jambo. Somo lake lilikuwa juu ya ubao, ule ambao wanafunzi wote wanauita modeli: mji mdogo uliochorwa juu ya meza, una barabara, mizunguko, reli, hospitali, kituo cha mafuta, na vigari vidogo vya kushika kwa vidole. Anakwambia, toka kituo cha mafuta uende hospitali, na wewe unakisogeza kigari huku ukisema kwa sauti unachofanya. Natazama kioo, natoa ishara ya kushoto, nashika njia ya kushoto, nawapisha walio kwenye mzunguko kutoka kulia kwangu, naingia.

"Usikinyanyue," alikuwa akituambia. "Gari halina mabawa, kaka. Ukishaingia njia isiyo yako, utakwenda nayo mpaka mbele ndipo ugeuke."

Wapo wanaoudharau ubao ule wakisema ni mchezo wa watoto. Mimi nauheshimu. Kwenye gari dogo unaweza kuchelewa kuamua na bado ukapata nafasi ya kuhama njia. Lori halikupi nafasi hiyo. Kabla ya kuufikia mzunguko lazima uwe umeshajua unatokea wapi, kwa sababu mkia wako ni mrefu na walio nyuma yako wanasoma nia yako mapema. Ubao unakufundisha kupanga safari kichwani kabla ya mikono kushika chochote, na mtu aliyeupita kwa kukariri bila kuelewa utamjua tu kwenye mzunguko wa kweli.

Lori la shule lilikuwa Kenta. Ni gari zuri la kujifunzia, jepesi, linageuka upesi, na nafasi za kulipata barabarani ni nyingi kwa sababu shule nyingi zinalo. Pale nilijifunza kitu cha kwanza ambacho gari dogo halikufundishi: magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele. Ukikata kona, ya nyuma yanapita ndani zaidi. Kwa hiyo kona ya kushoto unaiingia ukiwa umeacha nafasi, unakwenda mbele kidogo kuliko unavyopenda, ndipo unakata, na jicho halitoki kwenye kioo cha kushoto. Sasa fikiria kufanya hivyo Malindi mjini, kwenye barabara ya Lamu saa za jioni, tuktuk zimejaa kila upande. Nafasi ile unayoiacha kushoto ili ukate vizuri, dereva wa tuktuk anaiona kama mlango umefunguliwa, anaingia. Mwalimu wa barabarani alitufundisha kuifunga nafasi hiyo mapema kwa indiketa na kwa mwendo wa taratibu, na kusimama kabisa ukimpoteza mtu kwenye kioo. Kama humwoni na hujui alikokwenda, yuko ubavuni mwako. Simama mpaka atokee.

Siku ya mtihani nitaisema kwa ufupi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Afisa mtahini aliniweka mbele ya ubao, akanipa safari ya kusogeza kigari, akaniuliza alama za barabarani: za amri, za onyo, za maelekezo. Aliuliza pia kuhusu mstari mzima na mstari wa vipande, na nani anapita kwanza kwenye kivuko cha miguu. Kisha tukaingia kwenye Kenta. Alitaka kuona nikirekebisha kiti na vioo kabla ya kuwasha, nikiondoka mlimani bila gari kurudi nyuma, nikipaki, nikirudi rivasi kwa kutumia vioo. Hakusema neno lolote la kunisaidia wala la kunitisha. Nilipita. Anayetaka kujua wanachotazama zaidi, kwa nilivyoona mimi, ni macho yako: kama unatazama vioo bila kukumbushwa. Mikono inayotetemeka kidogo wanaizoea.

Baada ya hapo nikachukua cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa sababu hakuna tajiri wa gari atakayekupa ufunguo bila hicho. Alama za vidole, shilingi 1,050, na subira.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma hasa.

Ami yangu, mdogo wa babangu, ameendesha lori la chumvi tangu mimi mtoto. Lori lake la sasa lina ekseli tatu, moja mbele na mbili nyuma, na breki za upepo. Nilikwenda kumwamkia na leseni mkononi. Aliitazama pande zote mbili, akanirudishia.

"Hongera mwanangu. Kenta mlilosomea lina breki za nini?"

"Za mafuta, Ami."

"Basi leseni unayo. Breki njoo nikupe Jumapili, gari likiwa limelala."

Jumapili ile tuliweka mawe mbele na nyuma ya matairi, uwanja tambarare. Akawasha injini, tukakaa ndani ya kabini tukiangalia mishale miwili kwenye deshibodi ikipanda. Aliniambia nisiguse kitu mpaka ifike juu, kama bar 8 (bar ni kipimo cha nguvu ya upepo) na kuendelea. Kisha akazima injini, akaacha ufunguo umewashwa, akaachilia breki ya kuegesha, akaniambia nikanyage breki ya mguu, niachie, nikanyage tena, huku macho yangu yakiwa kwenye mishale.

Kila nilipokanyaga, mishale ilishuka. Kidogo tu, lakini haikurudi juu. Nikakanyaga, ikashuka. Ilipokaribia bar 5 king'ora kikalia ndani ya kabini na taa nyekundu ikawaka. "Endelea," akasema. Nikaendelea, na kule chini kukasikika mshindo mzito wa chuma. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamejifunga yenyewe. Tulipowasha tena injini, ilibidi tukae tungoje. Mshale ulipanda polepole, na muda wote huo lori lile halikuwa na uwezo wa kwenda popote.

Nitaeleza kilichotokea pale, kwa sababu ndiyo habari yote. Kenta la shule husimama kwa mafuta ya breki: unakanyaga, mafuta yanasukumwa kwenye mabomba, breki inabana. Lori zito linatumia upepo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza matangi yaliyofungwa kwenye fremu chini ya bodi. Ukikanyaga pedali, unafungua vali, upepo unakwenda kwenye chemba iliyo karibu na kila gurudumu na kusukuma breki ibane. Ukiachia, upepo ule unatoka nje, ndiyo ile sauti ya pssss unayoisikia lori likisimama. Umeshatumika, haurudi. Kompresa lazima itengeneze mwingine.

Breki ya kuegesha inafanya kazi kinyume. Ni springi zenye nguvu kubwa ambazo wakati wote zinataka kufunga magurudumu, na upepo ndio unaozizuia. Upepo ukipungua sana, springi zinajiachia na lori linajifunga. Ndiyo maana lori lenye mpasuko kwenye bomba la upepo utalikuta limekwama katikati ya barabara, dereva yuko chini ya fremu anasikiliza kwa sikio. Ni kinga nzuri, lakini ikija ukiwa kwenye mwendo na mzigo, magurudumu ya nyuma yanajifunga wakati hukupanga.

Kutokana na somo hilo moja, mambo mengi niliyoyaona nikiwa utingo bila kuyaelewa yalifunguka. Niliona kwa nini Ami huwa hakanyagi-kanyagi breki kama madereva wa matatu. Yeye hupunguza mwendo mapema kwa gia, kisha hukanyaga mara moja, kwa uzito ule ule, mpaka gari lisimame. Nikaelewa kwa nini asubuhi huwasha injini na kuiacha ingurume, na tajiri akimpigia simu kumharakisha humjibu kwa upole tu, "Gari halijapata upepo." Na nikajua kwa nini, kabla ya hata kuingia kwenye kabini, hulizunguka lori zima akiwa amezima redio na kunyamaza.

Kuhusu kulizunguka: anaanzia mlango wa dereva na anazunguka upande ule ule kila siku, ili asisahau. Nati za magurudumu anazitazama kama zina mstari wa kutu unaotoka kwenye nati kwenda nje, ambao ni dalili kwamba imelegea. Matairi anayagonga kwa nyundo ndogo, yale mawili mawili ya nyuma hasa, kwa sababu la ndani linaweza kuwa limeisha upepo na la nje likalificha. Lililojaa linaitika, lililolegea sauti yake ni butu. Anatazama taa, indiketa, vibandiko vya kuakisi nyuma, pembetatu za dharura kama zipo. Mwisho anainama chini ya bodi kwenye matangi ya upepo.

Pale kuna kitu ambacho sisi wa pwani tunapaswa kukijua kuliko mtu wa Nairobi. Kila tangi lina vali ndogo chini yake. Ami huivuta kwa kidole kila alfajiri, na kinachotoka kwanza si upepo, ni maji. Hewa yetu ina unyevu, kompresa inaibana, unyevu unageuka maji na kutulia chini ya tangi. Mara ya kwanza kuvuta mwenyewe, maji yale yalinirukia kiganjani, yana rangi ya chai ya rangi na ute wa mafuta juu yake. Hiyo rangi ni kutu. Maji yakiachwa yanachukua nafasi ya upepo ndani ya tangi, yanakula chuma, na yanaingia kwenye vali. Ukichanganya na chumvi tunayobeba, ambayo humwagika kidogo kidogo na kuganda kwenye fremu, utaelewa kwa nini malori ya njia hii yanazeeka haraka. Ami husuuza chini ya lori kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila akirudi, na mabomba ya breki anayapitisha mkono moja moja. Wapo wanaoosha kabini ing'ae na chini hawatii mkono. Breki ziko chini.

Sasa mteremko. Ukitoka Malindi kuelekea kwetu, barabara inashuka kwenda kwenye daraja la Sabaki. Si mlima wa kutisha, mwenye gari dogo hata haukumbuki. Lakini ni hapo Ami aliponifundisha kushuka na mzigo. Kabla ya mteremko, sio ndani yake, unashusha gia. Kawaida ya madereva wa zamani ni kwamba gia ambayo ungepandia kilima hicho na mzigo huo ndiyo ya kukishukia. Injini inalizuia lori, breki ya egzosi, ile inayoziba njia ya moshi wa injini, inasaidia, na breki ya mguu unaiacha ipumzike kwa ajili ya lile usilolitarajia, ng'ombe au mtoto mwenye baiskeli. Ukitegemea breki ya mguu peke yake kwenye mteremko mrefu, ngoma za breki zinapata moto, zinapanuka, na kinachobana hakibani tena. Pedali utaikanyaga na itakubali, lori ndilo litakalokataa.

Kibaya zaidi ni kuweka frii. Dereva anatoa gia ili lori liteleze lenyewe, apate kuokoa mafuta. Ukifanya hivyo injini haishiki kitu. Tani zote za mzigo zimebaki kwa breki, na ukitaka kurudisha gia wakati mwendo umeshapanda, gia haiingii. Salgaa, kwenye barabara ya kutoka Nakuru, ilipata jina lake baya kwa mambo haya. Na tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilitoka njiani likawaparamia watu waliokuwa wakiuza bidhaa na kungoja magari kando ya barabara. Walikufa zaidi ya watu 50. Sizungumzii sababu ya ajali ile, hilo ni la wachunguzi. Nazungumzia mahali. Nikipita Gede nawaona kina mama wa maembe na mabiringanya wamekaa hatua chache kutoka kwenye lami, na vijana wa bodaboda mbele yao. Mpangilio ni ule ule. Huwa nashusha gia kabla ya kuwafikia, hata kama barabara ni nyeupe, na nawaomba wote wanaopita pale na mzigo wafanye hivyo. Wale ni mama zetu.

Sheria inasaidia kiasi. Lori la biashara linatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mjini ni 50. Lakini 80 ya lori lenye chumvi na 80 ya Probox hazisimami mahali pamoja. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba lori tupu nalo lina hatari yake. Breki zimeundwa kuzuia tani nyingi. Mzigo ukishushwa Mombasa, ukirudi nyumbani na bodi tupu, ukanyagaji ule ule unafunga magurudumu na nyuma inaanza kuserereka, hasa lami ikiwa na manyunyu ya kwanza ya masika. Ami hubadilisha mguu wake kabisa safari ya kurudi. Anasema mwili lazima ujue mzigo umeshuka.

Mizani nayo ni elimu yake. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele na tani 18 kwa zile mbili za nyuma zilizofuatana, kwa hiyo lori letu la ekseli tatu mwisho wake ni tani 26, gari na mzigo pamoja. Wengi wanahesabu hiyo jumla na kupumua. Lakini kwenye mizani, Mariakani kwa mfano, kila kundi la ekseli linapimwa peke yake. Unaweza kuwa ndani ya tani 26 na bado umezidisha nyuma, kwa sababu tu wapakizi walirundika magunia mkiani ili wamalize upesi. Kwa hiyo upakizi ni kazi ya dereva, hata kama hashiki gunia. Ami husimama juu ya bodi akielekeza, "Hili mbele, hili mbele zaidi," na vijana hunung'unika, na yeye hatetereki. Mzigo uliokaa vibaya unakupa faini, halafu unakuharibia breki, maana ekseli moja inabeba kazi ya mbili.

Neno kidogo kuhusu usingizi, kwa sababu nimeona madereva wenzangu wakiudanganya kwa muguka, yale majani ya kutafuna. Mwili unaokesha kwa muguka haujalala. Usingizi umeahirishwa na utakuja kudai. Njia ya Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 tu, si safari ya kumtoa mtu usingizi wake. Inakuwa ndefu kwa sababu unangoja kupakia tangu asubuhi na unaondoka usiku ukiwa umeshachoka. Kama umengoja kutwa nzima, lala kabla ya kushika njia. Tajiri atapiga simu. Mwambie ukweli.

Nikirudi kwenye shule zetu: siwalaumu walimu walionifundisha, walinipa walichokuwa nacho na walinipa vizuri. Ila inanisikitisha kwamba kijana anasomea na kutahiniwa kwenye Kenta, kisha wiki inayofuata anakabidhiwa lori la upepo lenye tani na tani. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Lakini kuna somo lenye uhai wa watu ndani yake ambalo limeachwa liwe bahati: ukiwa na ami kama wangu utalipata, usipokuwa naye utalipata barabarani. Shule hazihitaji kununua lori jipya. Zinaweza kukubaliana na tajiri mmoja wa gari, Jumapili moja kwa kila kundi la wanafunzi, wakae ndani ya kabini na kukanyaga breki injini ikiwa imezimwa mpaka king'ora kilie. Saa moja inatosha kuona. Kama uko njiani kujiandikisha, muulize mwalimu kabla ya kulipa: lori lenu lina breki za upepo au za mafuta? Kama ni za mafuta, mtanipeleka wapi nikaone za upepo? Swali hilo halimkosei mtu heshima.

Mimi sasa najiandaa kwa CE, ya lori lenye tela, na umri ukifika nitaomba. Ami ananipa mazoezi uwanjani kwa rafiki yake mwenye tela. Kurudi rivasi na tela ni kugeuza usukani upande usioutaka: ukitaka mkia uende kulia, mkono unaanza kushoto, taratibu, kisha unaufuata kabla pembe kati ya kichwa na tela haijakaza sana. Tela nalo lina mabomba yake mawili ya upepo yanayounganishwa nyuma ya kichwa, moja la kujaza na moja la kuamrisha breki, na ukiyaacha bila kufunga vizuri, tela zima linajifunga. Hayo nitayaandika nikishayafanya barabarani.

Kwa sasa Ami amekubali, na tajiri wake ameruhusu, kwamba Jumapili lori likiwa limelala hapa Mambrui, mwenye leseni ya C au anayeisomea aje aone. Tunaanza baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Njoo na viatu vya kufunga na nguo usiyoionea uchungu, maana utalala chini ya bodi kuvuta vali ya tangi kwa mkono wako mwenyewe.